Lugha Isiyo na Neno la Kuuliza

Fundi alikuwa mtu wa kuchoka asubuhi. Wengine huianza siku na nguvu zao, zikawaishia jua likigeuka. Yeye alifika kazini amekwisha choka, akaiegemeza baiskeli ukutani taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa, akavua kofia, akasema, "Haya, tumeamka tena." Ukimpa shikamoo, alikuitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyetwishwa gunia.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa, na kwa sababu hatukulitumia. Mafundi Tanga walikuwa wengi miaka ile ya hamsini: fundi saa, fundi baiskeli, fundi wa kuezeka. Lakini ofisini kwetu ukisema Fundi umemsema mtu mmoja, yule wa mashine.

Ofisi yenyewe ilikuwa upande wa relini, nayo iliweka hesabu za watu wa mashamba kadhaa ya mkonge yaliyokuwa chini ya mkono mmoja. Watu hao ndio manamba. Walishushwa kutoka bara kwa malori na magarimoshi, na kila mmoja akapewa namba yake, na tangu siku ile namba ikamtangulia jina. Mimi kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi. Kila manamba alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na kila tundu katika kadi lilikuwa na maana: shamba lake, kabila lake, mwaka alioandikwa, kazi anayofanya. Kadi zikitoka kwangu ziliingia chumba cha pili kwa Fundi. Huko ndiko ilikokuwa mashine kubwa iliyoletwa na meli. Ilizipapasa kadi kwa vidole vya waya, ikazichambua, ikazijumlisha, mwisho ikachapa orodha za posho: shamba fulani lipelekewe unga kiasi hiki na maharage kiasi hiki. Ikiwashwa, ukuta ulitetema na vikombe vya chai vikatembea mezani.

Mashine ile haikujua kazi kwa nafsi yake, iliambiwa. Ubavuni ilikuwa na ubao wenye vitundu vingi kama mzinga wa nyuki, na Fundi alichomeka nyaya kutoka kitundu hiki hadi kile, na kila waya ulikuwa amri. Ukichomeka hapa umesema "soma." Ukichomeka pale umesema "ongeza juu ya zile za kwanza." Yeye aliiita lugha.

"Lugha kama lugha nyingine," alinieleza nilipokuwa mgeni. "Ina maneno yake, na ina mpangilio. Ukikosea mpangilio, inakutukana."

"Inatukana vipi, Fundi?"

"Inakuchapia upuuzi kurasa hamsini, nawe unamlipia Meneja karatasi."

Pamoja na mashine kilikuja kitabu cha mifano iliyopangwa tayari, ili mtu asihangaike kubuni kila kitu. Unataka kujumlisha? Fungua ukurasa, tazama picha, panga nyaya kama zilivyochorwa. Unataka kulinganisha kadi mbili? Picha ipo. Kuchambua, kuchapa, kuruka mstari, yote yalikuwamo. Fundi alikijua kitabu kile jinsi watu wengine wanavyozijua nyimbo za harusi, na hakuna siku iliyopita asikilaumu.

"Kimeandikwa na mtu asiye na jirani," alisema. "Tazama. Kila mfano unaanza vile vile: kadi zote ziwe zimekwisha pangwa. Zote! Wewe ulipoamka leo mambo yako yote yalikuwa yamepangwa?"

Lawama yake ilikuwa moja, ila aliivalisha nguo mpya kila siku. Mashine ilijua kupokea, na ilijua kutoa. Katikati hapakuwa na kitu. Uliitia kadi zote kwa mpigo, ukaiacha ingurume, ikakupa jibu la mwisho. Ukitaka isimame nusu ya kazi, ikuulize neno, ingoje jawabu, kisha iendelee pale ilipoachia, kitabu kizima hakikuwa na mfano huo. Ukiizima katikati, ilidondosha kila ilichokuwa imekijumlisha. Magurudumu ya hesabu yalirudi sifuri kwa mlio mmoja wa "krrr," nawe ukaanza upya na kadi ya kwanza.

"Hii lugha haina neno la kuuliza," alisema Fundi. "Inajua kusema *chukua* na inajua kusema *toa*. Mtu wa namna hiyo ungemwoza binti yako?"

Hayo yangekuwa mazungumzo ya chai tu lau ofisi isingekuwa na dirisha. Lilitazama barazani, na barazani hapakukosa watu. Manamba waliokosa posho wakitaka kujua kwa nini, Wadigo wanaomtafuta shemeji aliyepotelea Maramba, mzee wa Kishambaa mwenye mjukuu aliyetoroka. Kila mmoja alikuwa na swali lake dogo, na kila swali dogo lilihitaji maswali mengine mawili matatu kabla halijajibika. Karani wa dirishani alikuwa na jibu moja aliloagizwa: "Njoo mwisho wa mwezi, orodha zitakuwa zimetoka." Watu walikuja mwisho wa mwezi. Orodha zilikuwa zimetoka kweli, na ndani yake swali lao halikuwamo.

Sikumbuki Fundi alianza lini kwenda dirishani. Alitoka chumbani kwake akijifuta mafuta, akamsukuma karani kwa bega, akamuuliza mtu neno moja. Kisha akarudi, akahamisha nyaya, akapitisha bunda dogo la kadi. Akatoka tena, akauliza neno la pili. Mashine haikuweza kwenda kwa mtu, wala mtu hakuruhusiwa kuingia kwa mashine, basi miguu ya Fundi ikawa njia. Nilimwona siku nyingine akienda na kurudi hivyo tangu chai mpaka adhuhuri, visigino vikikokota, kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa akitafuta blanketi lililopelekwa kambi nyingine.

Usidhani alifanya hayo kwa uso wa huruma. Alikuwa mkali. "Nimekuuliza mwaka, sikukuuliza habari za mvua!" aliwafokea. Mtu akimshukuru, alimgeuzia mgongo. Vikongwe walimwogopa, na bado waliulizia, "Yule mkali yupo leo?"

Alikuwa na mengine yasiyolingana. Mtu huyu, aliyeilaumu mashine mchana kutwa kwa kutokujua kuuliza, mwenyewe hakuwa akiuliza kitu. Siku moja alialikwa harusini Moa. Akafika njia panda asijue pa kushika, na pale njia panda palikuwa na wanawake wanauza bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Badala ya kuwauliza, akashika njia kwa kubahatisha. Akazunguka na baiskeli yake kutwa nzima, akarudi Tanga wakati wa magharibi na kanzu yake safi, harusi hakuiona.

"Mbona hukuuliza, Fundi?"

"Nimwulize nani? Walikuwa wana shughuli zao."

Na nyumbani kwake Chumbageni, nilikokaribishwa mara chache, alikuwa bubu. Mkewe, mwanamke mcheshi aliyejua kutania, alinilalamikia mbele yake. "Huyu ndugu yako nikimwuliza atakula nini, ananijibu *ndiyo*. Ndiyo nini? Ndiyo wali, ndiyo muhogo?" Fundi alitabasamu kidogo, akasema, "Ndiyo," tukacheka sote watatu. Lakini mwanamke alicheka kwanza na akaacha kwanza. Nadhani maneno yote ya Fundi yalimalizikia dirishani, na aliyoyarudisha nyumbani yalikuwa makombo.

Alivaa viatu vya kung'ara, hata siku za matope. Alisinzia kwenye hotuba ya Ijumaa, kisha akatoka msikitini akiisahihisha. Alipenda kahawa chungu, na kashata alimwachia aliyekaa naye. Alisema, "Mashine haichoki, ndiyo maana haina adabu." Alisema pia, "Mtu akikujibu upesi, jua hakukusikia." Semi zake nyingine zilikuwa za matusi, nazo nazihifadhi.

Kwa muda wa miezi alijaribu kuifundisha mashine kusimama. Alichukua mfano wa kulinganisha kadi, akaupindua: akatanguliza kadi moja aliyoitoboa mwenyewe, akapanga nyaya ili mashine ikikuta kadi inayofanana na ile isimame na kuwasha taa nyekundu. Siku taa ilipowaka mara ya kwanza aliniita kwa sauti kubwa, nikaacha kazi yangu nikakimbia. Mashine ilikuwa kimya katikati ya bunda, kama mtu aliyekumbuka jambo. Fundi alikuwa ameshika kiuno, uso umemkunjuka hata nikamwona alivyokuwa kijana.

"Imesimama," alisema. "Inangoja."

Akabonyeza iendelee. "Krrr." Magurudumu yote yakarudi sifuri. Alipanga tena, wiki nyingi, kwa kila njia aliyoijua. Kusimama ilisimama, lakini kukumbuka ilikuwa imefika wapi kabla ya kusimama haikuweza. Nyaya za kazi hiyo hazikuwamo ndani yake, na walioiunda hawakudhani kama kuna mtu atazihitaji. Mwisho alizichomoa nyaya zake moja moja, akazipanga upya kama kitabuni.

Meneja alikuwa Mzungu mwembamba aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu, akakisema safi kuliko sisi tulivyotaka. Hakuwa mtu mbaya. Alimkuta Fundi na nyaya mkononi, akamwambia, "Fundi, mashine hii imenunuliwa ili watu wengi wapate posho yao kwa siku iliyowekwa. Haikununuliwa kuongea na mtu mmoja mmoja."

"Wengi ndio hao mmoja mmoja, Bwana," Fundi alijibu.

"Ndiyo. Lakini wote hula siku moja."

Neno hilo Fundi hakulipenda.

Sasa nieleze habari ya mwanamke mmoja wa Kibena, kwa sababu ndiyo iliyomgeuza.

Alitoka Njombe na mtoto wa kike, wakasafiri kwa malori na garimoshi na kwa miguu, wakafika barazani kwetu wana vumbi mpaka kwenye kope. Mumewe alikuja Tanga kukata mkonge. Mwanzoni zilifika salamu zake kwa wasafiri, kisha zikakatika. Wazee wa nyumba ya mume walikuwa wameamua kwamba amekufa, na kwamba mwanamke arithiwe na shemeji yake. Mwanamke hakumtaka shemeji huyo. Alikuwa amepewa muhula mpaka mavuno: alete habari kwamba mume yu hai, au akubali.

Karani akamwuliza namba ya mumewe. Namba hakuijua. Karani akamwambia arudi mwisho wa mwezi.

"Mwisho wa mwezi huko kwetu watakuwa wamevuna," alisema kwa Kiswahili chake kizito. Hakulia. Aliketi barazani, akamlaza mtoto mapajani, akabaki hapo. Kesho yake yupo, kesho kutwa yupo. Wanawake wa Kidigo waliopita na vitumbua waliwapa.

Fundi alimpita siku ya kwanza bila kumtazama. Siku ya pili alipunguza mwendo. Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, alisimama.

"Mumeo aliondoka lini?"

"Huyu alikuwa tumboni."

Fundi alichutama, akamshika mtoto kidevu. "Fungua kinywa." Meno ya mbele yalikuwa yameanza kung'oka, basi ana miaka sita au saba. Akainuka, akarudi ndani. Mashine ilikuwa ikinguruma na kazi ya posho, basi alichambua kwa mkono kadi za Wabena walioandikwa mwaka ule wa mimba na uliofuata. Akatoka.

"Alipelekwa kazi gani?"

"Alikuwa anakata. Mtu aliniambia anakata."

Akaingia, akatenga wakataji, akatoka. Bado walikuwa wengi, nazo kadi hazikuwa na majina, namba tu.

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mpole," alisema yule mwanamke.

Fundi alifumba macho. "Mpole hana tundu lake, mama. Nipe kingine. Alikuwa mgonjwa?"

"Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na nguvu kupita wenziwe."

"Na salamu zake zilikatika ghafla, au zilipungua?"

Mwanamke alifikiri. Nilikuwa mlangoni, nikaona jinsi Fundi alivyongoja, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza maji chini ya ardhi.

"Ghafla," alisema. "Za mwisho zilikuwa nzuri. Kisha kimya."

Fundi aligeuka akanitazama mimi. "Hakati tena," alisema. "Amepatwa na jambo akahamishwa kazi. Tunamtafuta kwa wakataji, naye hayumo kwa wakataji."

Kadi za waliohamishwa kazi kwa kuumia zilikuwapo. Lakini zilikuwa ndani ya mashine, katikati ya orodha za posho, na mashine ilikuwa imekwisha kula zaidi ya nusu ya kazi ile. Malori ya unga yalikuwa yanangoja uani ili yaondoke adhuhuri.

"Fundi," nilisema, "orodha za posho."

"Najua."

"Ukiizima utaanza upya. Malori hayataondoka leo."

"Najua, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Alisimama mbele ya mashine kitambo, mkono juu ya swichi. Ingekuwa rahisi kumwambia yule mwanamke angoje mpaka jioni, na angengoja. Nilimwambia hivyo. Sijui kama alinisikia katika mngurumo ule. Nadhani alikuwa amewaambia watu wengi mno wangoje. Akaizima. "Krrr."

Zilipatikana kadi chache za Wabena wa miaka ile walioacha kukata kwa kuumia. Fundi alikwenda dirishani mara nyingine, akarudi, akaenda tena, na mwisho ilibaki moja iliyokubaliana na kila jibu. Ilikuwa ya shamba moja mbele ya Pongwe. Orodha za posho tulizianza tena na kadi ya kwanza. Zilipomalizika, madereva walikuwa wamekwisha kwenda zao nyumbani.

Jumapili tulikwenda, Fundi na mimi kwa baiskeli, mwanamke amekaa nyuma ya Fundi na mtoto nyuma yangu. Njia nzima Fundi alikuwa akihema. Tulipofika kambini palikuwa na utulivu usio wa Jumapili. Hapakuwa na moshi. Watu walikaa vizingitini wakitutazama mikono yetu.

"Mmekuja na posho?" aliuliza mnyapara. Shavu lake lilikuwa limevimba, amepigwa jiwe jana jioni, malori yalipokosa kuja.

"Hatukuja nayo," alisema Fundi.

"Basi mmekuja na nini?"

 Nilimwona Fundi akizitazama sufuria zilizofunikwa kifudifudi, na watoto waliokuwa wakimung'unya maembe mabichi.

Mume tulimkuta nyuma ya korona, kile kiwanda cha kusagia mkonge, akifagia makapi. Mwiba wa mkonge ulikuwa umemchoma jicho, na hilo jingine likafuatia kufifia. Aliona vivuli tu. Kukata hakuweza tena, na kurudi kwao na fagio hakutaka. Alikuwa amewakataza wenzake wa Njombe kupeleka habari zake. Alisikia nyayo, akainua uso upande usio wetu.

"Nani?"

Mwanamke alimwita kwa jina la kwao, jina ambalo halikuwa kwenye kipande chake cha kazi wala popote. Fagio likaanguka.

"Umekuja na nani?" aliuliza mume.

"Na mwanao."

Alinyoosha mkono chini, mahali asipojua kama pana kichwa, na mtoto akasogea mwenyewe akakitia kichwa chake chini ya kiganja. Mwanamke akafungua kanga aliyofungia vitumbua vya jana. "Umekula?"

"Posho haijaja," alisema mume.

Fundi alikwenda kusimama kwenye reli ndogo ya trola za kubebea mkonge, ametupa mgongo. Nilimfuata. Nilitaka kumwambia jambo zuri, kwamba amefanya kazi kubwa.

"Usiseme," alinitangulia. "Hebu nyamaza tu."

Mwanamke yule alibaki na mumewe kambini mpaka ruhusa ilipopatikana, wakarudi Njombe pamoja, mtoto amemshika baba mkono. Hayo tuliyasikia kwa mnyapara.

Jumatatu Meneja alituita. "Fundi, ni wewe uliyeisimamisha mashine?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Palikuwa na mtu dirishani."

"Na kambini hapakuwa na watu?"

Fundi aliangalia viatu vyake. Siku ile havikung'ara. "Walikuwapo, Bwana," alisema. "Nimewaona."

Meneja hakumfukuza, maana hapakuwa na mwingine wa kuijua mashine ile. Lakini dirisha lilipigiwa mbao, na kukabandikwa tangazo kwamba anayetaka habari aandike barua. Watu wa barazani wengi hawakujua kuandika. Walikuja bado kwa majuma kadhaa, wakagonga mbao, wakaondoka.

Fundi alifanya kazi miaka mingine kama miwili hivi. Alipanga nyaya kama zilivyo kitabuni, hakuongeza moja. Posho haikuchelewa tena hata siku moja, na Meneja alimsifu mbele yetu. Lawama zake za mashine aliziacha kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeanza kufa kwa ajili ya mngurumo, ikabidi uzunguke upande wa pili kumpa shikamoo. Asubuhi moja hakuja. Tukasikia ameomba kuacha. Waliletwa vijana wawili kutoka Nairobi wasimame mahali pake.

Nilimkuta mara ya mwisho Usagara, muongo ule unakwisha. Alikuwa amekodi kibaraza, anatengeneza cherehani za watu. Mimi nilikuwa nimeibeba cherehani kwenye baiskeli, nimeifunga kwa kamba. Nilizunguka upande wake wa kulia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mzima wewe?"

"Salama."

Aliifungua, akaigeuza, akalizungusha gurudumu kwa kidole. Ilikwenda laini. Akaitia sindano, akashona kipande cha kitambaa. Mshono ulitoka sawa.

"Ina nini?" aliuliza.

"Sijui. Nimeona bora uitazame."

"Anaitumia nani?"

"Mke wangu."

Alishona kipande cha pili, akakileta karibu na jicho. "Analalamika nini? Inakata uzi?"

"Halalamiki."

Hapo aliiacha cherehani. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akanigeuzia sikio lake zima. Wala hakuniuliza tena, alinitazama akangoja. Mtu alipita na mkokoteni wa madafu akamsalimia, hakumjibu. Niliiangalia miguu yangu. Tangu Ramadhani watu walikuwa wakinipa pole, nami nikiwaambia tumeshapoa, kazi ya Mungu haina makosa, nao wakaridhika, wakaenda zao.

"Amefariki, Fundi," nilisema. "Alifariki Ramadhani. Cherehani haina kitu. Nimeshindwa kukaa nayo chumbani, na nimeshindwa kuiuza."

Hakusema pole. Alivuta kigoda kwa mguu, akakisukuma kwangu, nikakaa. Akamimina kahawa kutoka birika lake, akanipa kikombe chake mwenyewe, yeye akabaki mikono mitupu.

Tulikaa hivyo mpaka jua likatuingilia barazani. Kisha akaniuliza jambo ambalo pwani mwanamume hamwulizi mwenziwe kuhusu mkewe, na ambalo katika waliokuja kunipa pole hakuna aliyeniuliza.

"Jina lake nani?"

Nikamtajia. Sauti yangu ilitoka ndogo, hakulipata vizuri. Akakisogeza kichwa chake karibu zaidi, nikalirudia.